Boksi la Stoo: Shajara ya Klabu ya Mazingira, Mbagala, Julai hadi Oktoba 2025

Jumatano, 16 Julai

Wamekuja watoto 34 wa darasa la tano na la sita. Nilitegemea 15. Wengi wamesikia kwamba kutakuwa na simu za kufungua, nami sikukanusha.

Tangu niipokee klabu hii, kazi yake imekuwa miche. Masika tunapanda mwarobaini, kiangazi mbuzi wa jirani wanamaliza, mwaka unaofuata tunapanda tena. Safari hii nimeomba tushike jambo ambalo mbuzi hawali: taka za kielektroniki. Mwalimu Mkuu aliniuliza maswali mawili tu, kama kazi hii inataka fedha na kama ina hatari. Nikajibu hapana kwa yote mawili. La kwanza lilikuwa kweli.

Nilibandika bango nililoliandika usiku kwa maka peni: mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizi, zilizokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaojulikana ni asilimia 22.3, Afrika haifiki hata asilimia 1. Takwimu ni za ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024. Nikazisoma kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Darasa kimya. Kisha binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, tani milioni sitini na mbili ni ngapi?"

Bango langu lote halikuwa na thamani ya swali hilo. Tukagawanya ubaoni kwa lori la tani 40, yakaja malori 1,550,000. Akauliza tena: yakipangwa foleni yanafika wapi? Yanakaribia kuizunguka dunia kwenye ikweta. Hapo ndipo darasa likaguna.

Tukashuka kwetu. Mwafrika mmoja, kwa wastani, huzalisha kilo 2.5 kwa mwaka. Nilikuwa nimeazima mizani ndogo ya dijitali kwa mama anayeuza viungo; kiswaswadu changu kikaonyesha gramu 82 pamoja na betri. "Kwa hiyo kila mtu anatupa viswaswadu thelathini kila mwaka?" Kicheko. Tukaitoa stoo TV ya chogo ya shule, ambayo sijawahi kuiona ikiwaka, tukaining'iniza kwenye mizani ya ndoano ya muuza skrepa wa kona. Kilo 26. TV moja imemaliza mgao wa mwaka wa watu kumi, na chenji inabaki. Wameelewa, nadhani. Walioelewa zaidi ni wale watatu waliokuwa wanaibeba.

Kazi ya nyumbani: wahesabu vifaa vilivyokufa nyumbani kwao. Kuhesabu tu, wasilete kitu.

Jumatano, 23 Julai

Hesabu za kaya 31: simu 118, redio 22, pasi 19, TV za chogo 9, ving'amuzi 27. Chaja tumeacha kuhesabu baada ya mtoto mmoja kusema kwao zimejaa mfuko wa rambo wa zamani, ule uliopigwa marufuku Juni 2019, na mfuko wenyewe mama yake anautunza kuliko chaja.

Ving'amuzi vilinishangaza kidogo, halafu nikakumbuka. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Asubuhi ya mwaka mpya, TV ambayo haikuwa na king'amuzi ilionyesha chenga tupu. Watu wakanunua. Kisha wakahama kampuni, wakahama kutoka antena kwenda dishi, na kila walipohama kiliachwa kimoja juu ya kabati. Watoto hawa hawakuwa wamezaliwa au walikuwa wanabebwa mgongoni, lakini wote walijua kabati lipi.

Kwenye simu kuna moja nataka kuiona kwa macho. Mvulana wa darasa la tano kaandika: "Bibi ana simu iliyofungwa na Serikali, anasubiri ifunguliwe." Ni Juni 2016 hiyo, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia usiku mmoja. Bibi anasubiri miaka tisa sasa.

Na kuna ujumbe wa mzazi, kwa peni nyuma ya daftari: "Mwalimu, sisi hatuna taka. Tuna simu mbovu." Nimelisoma mara kadhaa jioni hii. Nilikuwa nimeandaa vipindi vinane vyote vikiwa na neno *taka* kwenye kichwa cha habari, na huyu mama amenionyesha kwa sentensi mbili kwa nini hesabu za dunia hazitufiki. Kitu kibovu kina spea. Kina bei, japo ndogo. Kinaweza kupona akipatikana fundi. Ukimwambia mtu simu yake ni taka umemtukana, na simu hatakuletea.

Jumatano, 30 Julai

Nimekosea, na nimelikosea lile lile nililolikataza wiki mbili zilizopita. Jana paredi niliwaambia walete.

Wameleta. Boksi la karatasi za mitihani limejaa kabla ya kengele ya kwanza: simu 41, betri za tochi 96, taa za enejisava 13. Mbili kati ya hizo taa zilivunjikia ndani ya begi, juu ya chapati. Zile taa zina zebaki, miligramu chache tu, lakini ni zebaki. Tumetoka wote nje robo saa, madirisha wazi. Nimezoa vipande kwa karatasi ngumu badala ya ufagio, nikavifunga kwenye kopo lenye mfuniko. Chapati nimezitupa, na mwenye chapati nimemnunulia maandazi.

Nikiwa kwenye chapati, mvulana mwingine alikuwa anabonyeza kitu kwa dole gumba. Betri ya simu, imevimba kama andazi lenyewe. Anabonyeza, anacheka, anampa mwenzake abonyeze. Sikukimbia hivyo tangu nikiwa chuo. Fundi simu mwenye kibanda nje ya geti amekuja na kopo la maziwa lenye mchanga mkavu, ameiweka humo taratibu kama yai, na kopo limekaa nje chini ya mti mbali na kila kitu. Kisha akanisema mbele ya watoto. "Mwalimu wangu, betri ya lithiamu ukiitoboa inawaka yenyewe, haitaki kiberiti. Wewe unawaambia walete kwenye begi?"

Sikuwa na la kujibu. Nimemwomba aje kila Jumatano. Amekubali kwa sharti: nimlipe kwa kumpa bodi atakazozitaka yeye.

Jumatano, 6 Agosti

Somo la betri, na Fundi kama mgeni rasmi. Nililipanga kwa dakika 40, likala saa moja na nusu.

Tuliuliza: betri ya tochi ikiisha nguvu nyumbani mnafanyaje? Vidole juu. Tunaianika juani. Tunaing'ata. Tunaipigapiga chini. Tunaihamishia kwenye saa ya ukutani. (Hili la mwisho ni sahihi kabisa, saa hula umeme kidogo sana.) Kuhusu jua, Fundi amewaeleza vizuri kuliko kitabu: joto linaharakisha kemia iliyobaki mle ndani, ni kama kukamua chungwa lililokwisha kukamuliwa, tone linatoka, lakini chungwa halijajaa. Kung'ata kunavunja ganda, na ganda lenyewe ni zinki inayoliwa kila siku betri inapotumika. Ndiyo maana betri za zamani huvuja ndani ya redio.

Halafu ikaja habari ya ubao. Nilisoma shule ya kijijini Kilosa. Kila mwanzo wa muhula tulitumwa betri zilizokwisha. Tulizivunja kwa jiwe, tukautwanga unga mweusi na majani ya muhogo, tukapaka ubao kwa mikono mitupu, halafu tukashindana mikono ya nani imekuwa myeusi zaidi. Ubao ulipendeza. Nilikuwa nasimulia haya kwa fahari, nacheka, nikiwa katikati ya somo la kuwaambia betri zisivunjwe. Binti wa dawati la nyuma akauliza kwa upole: "Na mlinawa kwa sabuni, Mwalimu?"

Unga ule ni oksidi ya manganizi na kaboni. Vumbi la manganizi likivutwa kwa muda mrefu huharibu neva. Kupaka ubao mara tatu kwa mwaka si sawa na kufanya kazi mgodini, na sitaki kuwatisha watoto kwa mambo ya utoto wangu. Ila mwenzangu wa madarasa ya chini kaninong'oneza kwamba ubao wa darasa la pili ulipakwa hivyo hivyo juzi juzi tu. Rangi ya ubao ipo dukani. Nimeandika ombi kwa ofisi.

Jumatano, 13 Agosti

Somo la dhahabu. Naliandika kwa ufupi kwa sababu linaniudhi.

Niliwasimulia kwamba medali zote za Olimpiki ya Tokyo, kama 5,000 hivi, zilitengenezwa kwa madini yaliyotolewa kwenye vifaa chakavu, zikiwemo simu milioni 6.21 ambazo Wajapani walizitoa wenyewe. Dhahabu iliyopatikana: kilo 32. Nilitaka waone kwamba kilichotupwa kinaweza kurudi. Wao waliona kilo 32 za dhahabu.

Alhamisi, 14 Agosti

Saa nne asubuhi, nyuma ya vyoo, watoto watano na jiwe. Wamesaga bodi mbili za boksi letu na wameloweka unga kwenye maji ya betri ya pikipiki. Hakuna aliyeumia. Mmoja suruali imetoboka.

Boksi limehamia stoo, kufuli, ufunguo ninao mimi.

Mchana niliwakalisha tukafanya hesabu ambayo ilipaswa kufanywa jana. Tujifanye dhahabu yote ya Tokyo ilitoka kwenye simu peke yake: kilo 32 kugawa kwa simu milioni 6.21. Kila simu imetoa chini ya miligramu 6. Gramu moja inataka simu zaidi ya 160, na kiwanda chenye tanuru na wakemia. Huku kwetu anayeifuata dhahabu hiyo kwa asidi kwenye beseni anabaki na asidi. "Kwa hiyo Geita ni afadhali," amesema mmoja, na wote wameafiki kwa umakini mkubwa.

Jumatano, 20 Agosti

Hakuna kipindi, mvua ya ghafla na paa la darasa letu. Nimetumia saa mbili kwenye simu.

Kisheria mambo yako wazi. Kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na chini yake zilitoka kanuni za taka za vifaa vya umeme na kielektroniki mwaka 2021. Anayekusanya anatakiwa awe na kibali. Nimempata mmoja mwenye kibali. Mazungumzo yetu yalikwenda hivi: mna tani ngapi? Tuna boksi. Boksi la ukubwa gani? La karatasi za mitihani. Kimya. "Mwalimu, gari haliwezi kutoka kwa boksi." Bodi na simu wanazitaka. TV ya chogo hawaitaki, kioo chake kina madini ya risasi na hakina mnunuzi. Betri za tochi watazichukua tukiwalipa sisi.

Kwa hiyo nimewafundisha watoto 34 kukusanya kitu ambacho sina pa kukipeleka. Mtu anayeanza mradi kama huu aanzie mwisho: atafute kwanza nani anapokea, anapokea nini, kwa uzito gani, ndipo afungue mdomo paredi. Mimi nilianza na bango.

Gari la taka la mtaa lingelichukua boksi bila kuuliza, na lingelala Pugu dampo kesho yake. Mwalimu Mkuu amelitaja hilo kama suluhisho. Nimeomba muda.

Jumatano, 27 Agosti

Leo nimejifunza mimi.

Kuna mvulana wa darasa la sita ambaye hajawahi kunyoosha mkono. Nimezoea kumwita Mwenye Guta, kwa sababu kaka yake anasukuma guta la skrepa na yeye humsaidia jioni. Tulipofika kwenye nyaya nilianza na picha ya vijana wa Accra, Ghana, pale Agbogbloshie, wakichoma nyaya kwenye moshi mweusi. Eneo lile lilibomolewa Julai 2021. Nikasema plastiki ya waya ikichomwa hutoa gesi ya asidi na dayoksini, sumu inayokaa mwilini miaka.

Mwenye Guta akasema, kwa mara ya kwanza tangu Julai: "Sisi tunachomea kule bondeni, usiku, ili majirani wasiseme."

Darasa likamgeukia. Nikaona uso wake, nikajua nikiongeza neno moja kuhusu sumu nimempoteza. Nikamwomba aje mbele anifundishe. Alikuja. Kwa dakika ishirini alitufundisha shaba nyekundu na shaba ya njano, namna ya kujua kwa sumaku kama waya ni shaba kweli au chuma kilichopakwa, kwa nini mota ya feni ina shaba nyingi, na kwamba kompresa ya friji usiikate bila kuijua kwa sababu "ina gesi, inapiga". Fundi alikuwa mlangoni, anatikisa kichwa kwa kukubali. Baada ya hapo maswali yote yalikwenda kwake; mimi niligeuka mwanafunzi mrefu wa dawati la mbele.

Nilimwuliza kwa nini wasimenye badala ya kuchoma. "Mwenye mizani ananunua bei moja. Anasema shaba ni shaba."

Septemba, wiki mbili za kwanza

Shule imefungwa kupisha mtihani wa darasa la saba. Fundi amechukua simu 41 kibandani, amezipitia moja moja. Saba zimepona, tatu kati ya hizo tatizo lilikuwa uchafu kwenye tundu la chaji, zimepona kwa sindano na mswaki. Watoto saba wamerudisha simu nyumbani. Hili sikuwa nimelipanga popote, na ndilo limeleta wazazi getini kuliko barua zote nilizowahi kuandika. Mama wa *hatuna taka* alikuja na redio ya National. Waya wa spika ulikuwa umekatika. Fundi kauchomea kwa risasi, na redio imetangaza bei za mazao hapo hapo getini.

Jumatano, 17 Septemba

Mwenye Guta kaja na vifungu viwili vya shaba kwenye mfuko wa unga. Sikumtuma. Likizoni alichukua waya mmoja wa ekstensheni wa mita kumi, akaukata katikati. Nusu kachoma, nusu kamenya kwa kisu. "Ili tujue, Mwalimu." Nimefundisha sayansi miaka kumi na mmoja, na jaribio lenye kulinganisha sawa kwa sawa namna hii sijawahi kuletewa bila kuliomba.

Tumepima mbele ya wote. Ya kumenya gramu 98. Ya kuchoma, baada ya kukung'uta majivu, gramu 91. Nyuzi nyembamba ziliungua zikawa magamba meusi na kuanguka. Darasa likashangilia, nikataka kushangilia nami.

"Subirini," akasema. "Kumenya kumechukua saa nzima na dakika kumi. Kuchoma robo saa. Gramu saba ni andazi moja."

Nilimwambia kuhusu mapafu yake. Aliniangalia kwa heshima. Anakijua kile kikohozi chake kuliko mimi. Hilo halikuwa swali lililokuwa mezani. Swali lilikuwa ile saa moja, na ya kwangu ya sayansi yote hayana jibu la saa moja.

Jibu alikuwa nalo Fundi. Kaomba kipande cha ubao wa kitanda, kapiga misumari miwili kama njia ya waya, katikati kafunga wembe wa kisu cha kukatia karatasi umelala pembe. Unapitisha waya, unavuta, ganda linapasuka kwa urefu. Walijaribu kwa waya wa urefu ule ule, mita tano: dakika 14, na hapo walikuwa wanagombania zamu. Vidole viwili vimekwaruzwa. Glavu zinahitajika.

Jumatano, 24 Septemba

Kaka yake Mwenye Guta ameazima ule ubao wa wembe "kwa siku moja". Leo siku ya tano. Sijaufuata. Fundi anatengeneza mwingine.

Jumatano, 1 Oktoba

Kipindi cha risasi. Kiswahili kimetuwekea vitu vitatu ndani ya neno moja: ya bunduki, ya kuunganishia waya, na ile ya ndani ya betri ya gari. Watoto waliijua ya kwanza tu. Halafu mmoja, ambaye mjomba wake ni mvuvi Mtoni, akasema ya nne: chubwi, vile vizito vya nyavu. Mjomba huyeyusha risasi ya betri kuukuu kwenye sufuria, anamimina kwenye vishimo vya mchanga. Inayeyuka upesi, nyuzijoto 327 tu, jiko la mkaa linatosha. Sufuria, nimeuliza, hupikiwa kitu kingine? Maharage.

Hapo niliacha nilichokiandaa, nikawasimulia Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa. Mwaka 2007 kilifunguliwa kiwanda cha kuyeyusha betri za magari, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Mfanyakazi mmoja wa ofisini, Phyllis Omido, mtoto wake wa kunyonya akaugua; vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu. Aliacha kazi, akaanza kuandamana na majirani zake. Kiwanda kilifungwa 2014. Yeye akapata Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya; Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo; Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Nimewaeleza pia kwa nini ni watoto wanaoumia zaidi: mwili wa mtoto hufyonza risasi nyingi kuliko wa mtu mzima, na inapokwenda ni kwenye ubongo unaokua.

Hawakucheka leo. Mwenye mjomba aliuliza swali moja tu, kama sufuria ikisuguliwa kwa mchanga na majivu inafaa tena. Haifai. Iwe ya chubwi moja kwa moja, na jiko litoke uani likae mbali na watoto. Amesema atamwambia bibi kwanza, kwa sababu mjomba humsikiliza bibi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Siku ya Kimataifa ya Taka za Kielektroniki huangukia 14 Oktoba, ambayo kwetu ni siku ya Mwalimu Nyerere na shule hazifunguliwi. Tumefanya yetu leo.

Meza nne chini ya mwarobaini mmoja uliowashinda mbuzi. Meza ya Fundi ilikuwa na foleni mpaka geti. Meza ya nyaya aliisimamia Mwenye Guta akiwa na glavu. Binti wa dawati la nyuma alikuwa na meza ya malori, ameyachora yote kwa alama ya nukta, nukta moja kwa malori elfu, nukta 1,550 kwenye karatasi za kalenda zilizounganishwa. Bango langu la Julai nimelikuta limegeuzwa upande wa pili na kuandikwa VIFAA VIBOVU HUPOKELEWA HAPA. Neno *taka* halikuwepo popote. Sikusema kitu.

Bibi wa simu iliyofungwa na Serikali alifika saa tano, akisindikizwa na mjukuu. Shikamoo nyingi. Simu ilikuwa imefungwa kwenye leso, nyeusi, laini mbili, spika kubwa nyuma. Fundi kaiwekea betri nyingine, imewaka kwa muziki wa kuamsha mtaa. Mtandao hakuna, na Fundi amemweleza bibi kwa adabu kwamba hautakuja. Bibi akaipokea, akabonyeza tochi ikawaka, akatafuta redio ikashika. "Sasa ubovu wake uko wapi?" Akaifunga kwenye leso, akaondoka nayo. Kwenye daftari la makusanyo mjukuu kaandika: *simu 1, haijakusanywa, inafanya kazi*.

Jumatano, 15 Oktoba

Mzigo umeondoka. Tumeunganisha nguvu na shule tatu za kata na vibanda sita vya mafundi, gari likakubali kutoka. Wetu peke yetu ni kilo 63.4: simu zisizopona, ving'amuzi, chaja, bodi, redio mbili zilizoshindikana, na lile kopo la mchanga na andazi lake ndani. Tumepewa stakabadhi, nimeibandika mlango wa stoo.

Zimebaki betri za tochi 211, kwenye dumu kavu lenye mfuniko, hadi tupate fedha ya kulipia. Imebaki TV ya chogo. Mbao za darasa la kwanza na la pili zimepakwa rangi ya dukani.

Wiki ijayo: kumenya nyaya, makundi mawili. Mbao za wembe zipo mbili, ya tatu iko bondeni. Glavu jozi nne, za watu wazima, zitafungwa mpira kifundoni. Kumkumbusha mjomba wa Mtoni habari ya sufuria.